Penye Uzi Mwekundu

Juzi mjukuu wangu aliingia na kompyuta kwapani, uso ameukunja. Alisema imeingiwa na virusi, inajizima ovyo, kwa hiyo anaipeleka kwa fundi pale Mwanjelwa aipige windo upya, maana yake ifutwe kila kitu ianze kama siku ilipotoka dukani. Nikamwuliza, na vitu vyako? Akanionyesha flashi isiyozidi kidole cha mtoto.

"Vyote viko humu, bibi. Mafaili, picha, hata zile alama za kurasa zangu za mtandaoni. Nimeshahamisha."

"Umefungua ukaviona?"

"Si nimekopi? Imeandika imemaliza."

"Sikuuliza imeandika nini. Nimeuliza umeviona."

Akacheka, akasema bibi naye. Basi niliichukua ile kompyuta nikaifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge, nikamwambia haiendi kwa fundi mpaka aazime nyingine kwa jirani, aichomeke hiyo flashi, afungue kimoja kimoja mbele ya macho yangu. Alinuna, lakini alifanya. Vilikuwemo vyote, na aliondoka akiamini kwamba uzee umenipanda kichwani. Na aamini. Mimi niliwahi kuhakikishiwa kwamba kitu changu kimehamishwa salama, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mke wa mtu Iringa. Kwetu ni Mbeya, miguuni pa mlima Loleza, lakini niliolewa na Mhehe wa upande wa Ilula, na tulikuwa na nyumba Kihesa, ya matofali ya kuchoma na bati, na jiko la nje. Matofali yale tulifyatua sisi wenyewe, mimi na yeye. Nilikanyaga udongo nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, wapita njia wakanisema kwamba wanawake wa Mbeya hawana haya, tumbo lile na bado yuko kwenye tope. Kiwanja kilikuwa kwa jina la kaka yake mkubwa, aliyetangulia kuingia mjini, mji ukamshinda, akarudi shambani. Alimpa mdogo wake kwa mdomo tu. Hakuna aliyeona ubaya, maana ndugu hawaandikiani.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kunasa sauti. Ofisi ya kanisa ilikuwa na mashine ya tepu, ile ya magurudumu mawili, inakaa kwenye mkoba wa ngozi na kula mawe ya redio, yaani betri, kama mbuzi anavyokula majani. Alizunguka nayo Ilula, Kilolo, Njombe mpaka Ukinga kwenye baridi, akanasa kwaya na mahubiri, kisha watu wa usharika mwingine wakasikilizishwa. Tepu zenyewe zilikuwa za shida. Mpya haikuonekana, kwa hiyo za zamani zilinasiwa juu yake tena na tena. Alizitunza nyumbani kwetu ndani ya katoni kwa sababu paa la ofisi lilikuwa linavuja.

Alikuwa na utaratibu wake wa kuweka alama. Gurudumu moja la tepu lina nyimbo nyingi, na kwa macho tepu yote ni ya kahawia, huwezi kujua wimbo upi uko wapi. Kwa hiyo akikuta mahali anapopataka, alichomeka kikaratasi chembamba katikati ya mizunguko ya tepu, ncha yake ikachungulia nje. Magurudumu yake yalikuwa yamejaa ndevu za vikaratasi. Ukitaka wimbo, unazungusha mpaka kikaratasi kinadondoka, hapo ndipo penyewe.

Na kila alipoanza kunasa, hata kama ananasa jogoo kwa majaribio, alisema kwenye kipaza sauti maneno yaleyale: "Moja, mbili, tatu. Mnanisikia?" Mimi na wanangu tulikuwa tunamjibu kutoka jikoni, kwa kelele makusudi, "Tunakusikiaaa!" Alikasirika kwa sababu sauti zetu ziliingia kwenye tepu. Binti yangu mdogo alijifunza kusema "tunakusikia" kabla hajajua kusema shikamoo.

Ugonjwa ulimpata tumboni. Tumbo lilijaa maji, miguu ikavimba, hospitali wakamtoa maji mara kadhaa kisha wakaturudisha nyumbani kwa lugha ya upole ambayo kila mtu anaijua maana yake. Siku moja mchana aliniomba nimwekee gunia la mahindi mgongoni aegemee, halafu nimletee mashine.

"Unataka kunasa nini na hali hii?" nikamwambia.

"Nyumba. Nataka niseme nyumba hii ni yako na watoto, na kaka asikie kwa mdomo wangu."

Nikamwambia nitaandika, yeye atie sahihi. Alitikisa kichwa.

"Karatasi watasema umeandika wewe. Si unajua kuandika kuliko wao wote? Sauti yangu watasemaje?"

"Basi waite ndugu zako wakusikie."

"Nimeshatuma mtu. Lakini kama hawatawahi, hii ni akiba. Akiba haiozi, mama watoto."

Alinitoa nje niwanyamazishe watoto. Nilisimama ukutani, nikamsikia akianza na moja, mbili, tatu yake, akapumzika, kisha akasema kidogo kidogo. Alisema nyumba aliijenga na mimi. Akataja mpaka mlango wa jiko na mti wa mparachichi. Alisema kaka yangu, kile kiwanja ulichonipa, nami nawapa hawa, usiwaondoe. Nililia nikiwa nimeuma kitambaa. Niliporudi ndani alikuwa ameshachoka, jasho linamtoka. Vikaratasi vilikuwa mbali, ila cherehani yangu ilikuwa pembeni ya kitanda, nilikuwa nashona vitambaa vya wanawake wa kwaya, basi alikata uzi mwekundu kwenye kibibi cha nyuzi, akauchomeka kwenye tepu, akarudisha gurudumu ndani ya katoni pamoja na mengine.

"Penye uzi," akasema. "Usisahau. Penye uzi mwekundu."

Ningesahauje? Nilikuwa na hakika nao kuliko kuta za nyumba. Ndugu zake walifika kesho yake jioni, yeye akiwa ameshakata kauli. Alfajiri akafa.

Tukamzika kwao, upande wa Ilula. Baada ya hapo watu wa ukoo walirudi nami Kihesa kumalizia msiba. Kwa desturi ile mjane hukaa chini kwenye mkeka, amejifunika, hapiki, hafui, hainui sauti, na akitaka kusema neno kuna mama mtu mzima anamsemea. Siku ya kuondoa matanga, wanawake wa ukoo husafisha nyumba yote. Kila kilichokuwa cha marehemu hufuliwa, hufutwa, huanikwa juani. Takataka hukusanywa uani zikachomwa moto, mauti yatoke pamoja na moshi.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyeshika chumba chetu. Lazima niseme kwamba alimpenda mdogo wake, alimlea mgongoni. Alifua mashati yake huku machozi yanadondoka ndani ya beseni. Kisha akaifikia katoni. Akatoa gurudumu moja moja, akayafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, na vile vikaratasi akavichomoa vyote, maana kwa macho yake vilikuwa uchafu. Nilikuwa sebuleni kwenye mkeka, sikuona. Nilichosikia ni ukelele.

"Mwe! Njooni muone! Uzi mwekundu! Uzi mwekundu katika vitu vya mdogo wangu!"

Wanawake wakajaa mlangoni. Hakuna aliyetaja uchawi. Si neno la kutajwa mbele ya mjane. Mmoja baada ya mwingine waligeuza macho kwangu, mwanamke wa kuja, wa Mbeya, mshonaji, mwenye nyuzi za kila rangi. Wifi alipita na ule uzi ameushika kwa majani ya mgomba asiuguse, akautupa motoni.

Aliyewekwa kunisemea alikuwa shangazi yao hao hao. Na kusema uzi ule ni wangu, siku ile, mbele ya macho yale, ilikuwa ni kujikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye mkeka nikiangalia moshi unavyotoka nyuma ya jiko. Tangu siku ile waliobaki nyumbani hawakula tena chakula nilichopika. Walisema wameshiba.

Msiba ulipokwisha nilimwendea shemeji, yule kaka mkubwa. Sikugusia uzi. Nilimwambia mdogo wake ameacha maneno kuhusu nyumba, yamo kwenye tepu. Alikuwa mtu mzito, wa maneno machache, na siwezi kumtukana hata leo, ingawa ningependa.

"Shemeji," alisema, "kiwanja nilimpa yeye, sikukupa wewe. Mimi nina watoto nao wanasoma mjini, wanataka pa kulala. Lakini sauti ya mdogo wangu naijua. Hata akiwa amekufa naijua. Ikisema nyumba ni yako, mimi nimekubali, na hakuna wa ukoo atakayefungua mdomo. Tukimaliza kuvuna tutakaa kikao. Lete hiyo sauti."

Mtu wa kuniambia hivyo, ningemwomba nini zaidi?

Nilirudi kwenye katoni. Magurudumu yalikuwa yameng'aa, yamepangwa vizuri, hayana ndevu hata moja, na yote yamefanana. Ningeweza kuyasikiliza moja moja, lakini ile mashine nayo tangu siku ya msiba ilikuwa na kasoro. Ilibebwa kwenye mvua, na sasa ilisoma lakini hainasi, na ilikula mawe haraka. Nikiwa bado natafuta mawe ya kununua, mchungaji msimamizi wa ofisi alikuja nyumbani. Alikuja kwa heshima, akasali, akanywa chai yangu bila kuogopa, na kwa hilo nilimshukuru. Kisha akasema amepata mtu mwingine wa kazi ile. Mashine inapelekwa Mbeya kwa fundi ikatengenezwe, na tepu zote zifutwe zianze upya, kwa sababu mpya hazipatikani.

Nilimwambia kuna sauti ya marehemu humo. Alishtuka. Siku ya pili alirudi na gurudumu moja jipya, sijui alilitoa wapi, akaliweka mikononi mwangu.

"Mama, hili ni lako. Mimi nakwenda Mbeya kwenye mkutano, twende pamoja. Fundi ana mteja ameacha mashine nyingine pale. Akiziunganisha atahamishia sauti ya baba watoto humu. Mkimaliza, ndipo hizo nyingine zifutwe."

Tukaenda na gari la ofisi, Mafinga, Makambako, Igawa, nyanda za Usangu zikiwa zimekauka upande wa kulia, wafugaji na ng'ombe wao ndani ya vumbi. Katoni niliiweka mapajani, sikuiachia. Niliomba njia nzima, na sikuwa mtu wa kuomba sana.

Duka la fundi lilikuwa karibu na soko, chumba kimoja kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Alikuwa mtu mchangamfu, wa Tukuyu, asiyependa kukaa bure. Mikono yake ikikosa kazi ilipanga misumari. Alinisikiliza habari yangu yote, akapiga ulimi kwa huruma, akaziweka mashine mbili sambamba juu ya meza.

Mpaka hapo sikuwa nimejua kwamba kuhamisha sauti kunataka muda uleule wa kuisikia. Wimbo wa saa nzima huhamishwa kwa saa nzima. Kuhamisha katoni yote haikuwezekana, na gurudumu jipya lilikuwa moja tu. Ilibidi kwanza tumtafute. Fundi alivuta tepu mbele, akasimamisha, akasikiliza, akavuta tena. Kwaya, kwaya, mahubiri, mtoto analia kanisani, kwaya. Kila baada ya muda mume wangu alitokea na moja, mbili, tatu yake, ana sauti nzima, ya mtu aliyekula akashiba, na nikasema siyo hiyo, endelea. Ile ya siku ya gunia la mahindi ilikuwa sauti ya mgonjwa. Ningeitambua hata usingizini.

Ilikuwa siku ya pili, kabla ya saa sita, fundi alipogusa gurudumu moja likasema, kwa sauti imekauka, pumzi inakatika katikati: "Moja... mbili, tatu. Mnanisikia?" Kisha kimya. Kisha kikohozi.

Nilishika meza. "Ndiyo hiyo!"

Fundi akazima pale pale. "Ndiyo yenyewe? Usije ukanilaumu, mama."

"Nimelala naye miaka tisa. Ndiyo yenyewe!"

"Basi tusiichezeshe bure, umeme wa leo siuamini. Tunarudi mwanzo, tunahamisha mpaka mwisho wa tepu." Akairudisha nyuma, akachomeka waya kati ya mashine na mashine. "Ila nikichomeka hii, sauti ya nje inakatika. Hatutasikia kitu. Wewe angalia mshale. Ukicheza, ujue anaongea."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Hapakuwa na sauti ila mlio mdogo wa mota. Kwenye dirisha dogo la ile mashine ya pili mshale ulinyanyuka mara moja, ukalala, ukanyanyuka kidogo, ukalala, kisha ukaanza kucheza. Nami nikausoma. Hapa anasema nyumba. Hapa anataja mparachichi. Ulipopanda sana nilijua anamwambia kaka yake usiwaondoe. Tangu afe sikuwa nimepata faraja kama ile, nimekaa kwenye kiti cha mteja nikimwangalia mume wangu anaongea bila sauti. Nilishangaa kidogo kwamba amesema maneno mengi hivyo. Nikafikiri labda pale ukutani, kwa kulia, sikuyasikia yote.

Tepu ilifika mwisho, ikachomoka, ikapigapiga. Fundi alitoa gurudumu jipya akanipa. Nilitaka tulisikilize. Akasema haya, akaanza kuchomoa nyaya, na wakati huohuo umeme ukakatika soko zima. Tukangoja. Mwenye ile mashine ya pili, mtu wa reli, akaja kuichukua, alikuwa na safari ya kwenda Tunduma, hakuweza kungoja. Ikabaki ya ofisi. Hiyo fundi aliifungua aitengeneze kwa mwanga wa mlangoni, maana mchungaji alikuwa anaondoka jioni, na mawe hayakuwepo.

"Usihofu, mama," akasema. "Mshale si ulicheza mwanzo mpaka mwisho? Yumo humo."

Alipomaliza mashine akakosa cha kufanya, na yeye hakuweza kukaa bure. Alitoa sumaku kubwa, ya spika iliyokufa, ndiyo aliyofutia tepu. Haihitaji umeme. Unaizungusha juu ya gurudumu kama mtu anayepaka mafuta kikaango, na sauti zote zimekwenda. Nilikaa karibu naye na katoni yangu. Nilikuwa mwepesi wa moyo, nikamwuliza habari za Tukuyu, za mvua na migomba, tukacheka. Yeye alizungusha sumaku, na mimi nikampa magurudumu, moja baada ya jingine, mpaka katoni ikaisha.

Kikao kilikaa baada ya mavuno, kule kwa wakwe, upande wa Ilula. Walikaa wazee wa ukoo kwenye viti, wanawake chini. Mama mkwe aliletwa akashikiliwa mabega. Wifi alikaa mbali na mimi, karibu na mlango. Mchungaji aliniazima mashine, yenye mawe mapya, na yule mtu mpya wa ofisi alikuja kuiendesha. Binti yangu mkubwa alisimama nyuma yangu, mdogo nilimpakata. Shemeji alisema mbele ya watu wote maneno aliyoniambia mimi: akisema, nimekubali. Wazee wakaitikia. Nilinyoosha shingo nikawatazama wale wanawake waliokataa chakula changu.

Tepu ikazunguka.

"Moja... mbili, tatu. Mnanisikia?"

Mama mkwe alitoa kilio. Na mtoto niliyempakata, aliyekuwa amesinzia, akainua kichwa akajibu kwa nguvu, kama alivyozoea kujibu kutoka jikoni: "Tunakusikiaaa!"

Nyumba nzima ikaangua kilio. Wanaume pia. Shemeji alishika magoti yake, akainamia ile mashine.

"Tunakusikia, mdogo wangu," alisema. "Sema."

Kikohozi. Kimya. Kisha kwaya ikaanza kuimba.

Waliimba Kikinga, wanawake wa juu kule kwenye baridi, wimbo wa furaha na vigelegele. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyeelewa neno. Nilisema ngojeni, atakuja. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Nilisema tena, ngojeni. Nilikuwa nimeshaelewa lakini mdomo ulikuwa haujakubali. Ilikuwa safari ya Ukinga. Aliporudi kutoka Ukinga amekaukiwa sauti aliniambia ni baridi tu, mama watoto, nipe chai, na nikampa chai. Kumbe kifo kilikuwa kimeshamwingia, na yeye alijua au hakujua, sitapata kujua. Ile sauti niliyoapa kwamba ni ya kufa kwake ilikuwa ya wakati bado anatembea, anakula, ananichekesha. Alikuwa mgonjwa muda wote huo na mimi nilikuwa nashona vitambaa.

Shemeji hakuagiza mashine izimwe. Alikaa ameinama anasikiliza, wimbo hadi wimbo, mpaka tepu ikachomoka ikapigapiga. Alikuwa ameahidi kusikiliza, akasikiliza. Kisha akainua uso, na sikuona uchoyo ndani yake, niliona mtu aliyemwita ndugu yake na hakuitikiwa.

"Hajasema," alisema.

Hapo kikao kikawa kimekwisha. Mtu ataniuliza, na mahakama je? Nilikwenda. Niliulizwa kiwanja ni cha nani, nikaulizwa ushahidi uko wapi. Nyumba wakapewa watoto wa shemeji. Hawakunifukuza kwa matusi. Walinipa muda wa kufungasha, na wakaja kunisaidia, jambo ambalo lilinichoma zaidi, kwa sababu mtu anayekusaidia kuhama huwezi kumpiga.

Asubuhi ya kuondoka wifi alijitwisha cherehani yangu kichwani kunipeleka stendi. Nilikuwa nimewashika wanangu mikono, lile gurudumu la kwaya liko ndani ya furushi. Tulipita chini ya mparachichi, tukatoka barabarani, tukaenda kidogo. Kisha akapunguza mwendo.

"Wifi," akasema bila kunitazama, "ule uzi ulikuwa wa nini?"

Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza.

"Ulikuwa unaonyesha mahali alipoongea," nikamwambia.

Aliishusha cherehani taratibu, akaiweka chini. Kisha akakaa pale pale kwenye vumbi la barabara, mikono kichwani, watu wanampita. Alikuwa dada yake. Alimbeba mgongoni. Mtu mwema angemwinua.

Nilijitwisha cherehani yangu, nikawaambia watoto tusichelewe basi.